Mtoto wa mkimbizi si kibali cha madini: kanda za vipaji za Australia zinamtumikia nani?

Maoni ya mwandishi wetu wa Baraka, teritwari ya Fizi

Wiki iliyopita mama mmoja muhami alinifuata mpaka nilipokuwa nimekaa, simu mkononi. Ni mama wa milimani, amehama mara tatu katika maisha yake, na sasa anaishi katika nyumba ya jamaa iliyompokea hapa mjini. Mabinti wake wawili walivuka ziwa miaka mingi iliyopita, wakakaa katika kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, na kutoka pale wakapelekwa Australia. Mmoja aliwekwa Wodonga, katika jimbo la Victoria. Mwingine aliwekwa Queensland, mbali sana na dada yake. Kila mmoja ana kijana wa miaka 16, na wote wawili wanacheza ule mpira wa yai wa Waaustralia.

Mama alinisikilizisha sauti kutoka kwa mabinti wake. Yule wa Queensland anasema kijana wake amechukuliwa katika akademi ya klabu kubwa, pamoja na vijana wazungu na weusi, kila mtu. Yule wa Wodonga anasema kijana wake ameambiwa kuna programu ya watoto wenye asili kama yake, kwamba inategemea anakaa wapi na wazazi wake walizaliwa wapi, na kwamba sheria zimebadilika zaidi ya mara moja. Wanatoka tumbo la nyanya mmoja, lakini milango yao ni miwili.

Mama akaniuliza: « Baba, nani aliwagawa wajukuu wangu? »

Sikuwa na jibu palepale. Nimelitafuta, na leo nalitoa. Jibu lenyewe halinifurahishi.

Mpira wenyewe na namna wanavyochagua wachezaji

Kwa wale wasioujua mchezo huu: unachezwa katika uwanja wenye umbo la yai, watu 18 kila upande, mpira wenyewe pia una umbo la yai. Kuna nguzo nne kila mwisho. Ukiupiga kwa mguu ukapita kati ya nguzo mbili za kati, ni pointi sita. Ukipita pembeni, ni pointi moja. Shampiona yao kubwa inaitwa AFL, ina vilabu 18, na klabu ya 19, ya kisiwa cha Tasmania, inangojewa mwaka 2028.

Kule kijana hachagui klabu. Kuna siku ya drafti, ilianza mwaka 1986. Siku hiyo vilabu vinaita majina ya vijana kwa zamu, na klabu iliyomaliza mwisho katika shampiona ndiyo inaita ya kwanza. Nia yake ni nzuri: mnyonge ale kwanza kusudi apate nguvu. Kwetu pia mgonjwa anapewa mchuzi mbele ya mzima.

Lakini katika ukuta huo kuna milango ya nyuma mitatu. Wa kwanza ni wa mtoto wa mchezaji: kama baba yako alicheza michezo 100 katika klabu, klabu ile ina haki ya kwanza juu yako. Wa pili ni wa akademi za kaskazini: Sydney Swans na GWS katika New South Wales, Brisbane Lions na Gold Coast Suns katika Queensland. Kila moja ina kanda yake, na inawalea watoto wa pale wa kila asili. Wa tatu ni wa akademi za vilabu vingine 14, zilizoanzishwa kwa ajili ya watoto wa wenyeji wa asili wa Australia na watoto wa jamaa zilizotoka inchi nyingine, kama zile za Afrika na Asia. Huo wa tatu ndio mlango wa watoto wetu walioko Victoria.

Milango hii inafanya kazi hivi. Klabu nyingine ikiita jina la kijana wa kanda yako, wewe unaweza kusema: « Huyo ni wangu », ukalipa kwa pointi. Kila zamu ya kuita ina bei yake. Tangu 2015, zamu ya kwanza kabisa ilihesabiwa pointi 3000. Unaweza kukusanya zamu ndogondogo za nyuma, kama mtu anayelipa deni kwa sarafu, ukampata kijana bora. Na juu ya hiyo unapunguziwa bei: asilimia 20 kwa miaka mingi, na sasa 10.

Hapo ndipo shida inapoanzia.

Historia iliwaonya, hawakusikia

Waaustralia wenyewe walishajaribu kugawa inchi kama mkate. Kuanzia 1968 mpaka 1986, shampiona ya Victoria, mama wa AFL ya leo, iligawa vijiji na miji ya mbali kati ya vilabu 12. Kila klabu ilipewa kanda. Mtoto akizaliwa pale, ni wa klabu ile.

Angalieni matokeo. Katika miaka 19 hiyo, kombe lilichukuliwa na vilabu vitano tu: Carlton mara sita, Hawthorn mara tano, Richmond mara nne, North Melbourne mara mbili, Essendon mara mbili. Vilabu saba havikupata hata kombe moja. Hawthorn ilipewa eneo la rasi ya Mornington, na kutoka pale ikapata Leigh Matthews wa Chelsea na Dermott Brereton wa Frankston, watu ambao mpaka leo majina yao yanatajwa kwa heshima. South Melbourne, moja ya vilabu vilivyokosa, ilifungasha mizigo mwaka 1982 ikahamia Sydney. Fitzroy ilivumilia mpaka 1996, kisha ikamezwa na Brisbane.

Sisemi kanda peke yake ndiyo iliyofanya hayo yote. Kulikuwa na pesa, kulikuwa na makocha, kulikuwa na viongozi wazuri na wabaya. Lakini mkulima yeyote wa Fizi anajua: mukigawana shamba, mmoja akapewa bonde na mwingine mawe, baada ya miaka 19 usiseme aliyepewa mawe ni mvivu.

Drafti ililetwa kusudi kumaliza mambo hayo. Halafu, polepole, kanda zikarudi kwa jina lingine.

Mto Murray na mstari wa kalamu

Turudi Wodonga. Mji huo uko ukingoni mwa mto Murray. Ng'ambo ya mto kuna mji mwingine, Albury. Watu wanavuka daraja kwenda kazini na kununua vitu, kama watu wa Bukavu wanavyovuka Ruzizi, ila pale ni inchi moja na hakuna wa kukuuliza kitambulisho. Jamaa za Wakongomani zinaishi pande zote mbili. Lakini mto ule ni mpaka wa jimbo: Wodonga ni Victoria, Albury ni New South Wales.

Kwa miaka kadhaa, kijana wa Albury alikuwa katika kanda ya GWS, klabu ya magharibi ya Sydney. Aliingia katika akademi, akapewa makocha, akasafirishwa. Will Setterfield, kijana wa Albury, alipita njia hiyo akaitwa wa tano katika drafti ya 2016. Kijana wa Wodonga, anayemtazama kutoka ng'ambo ya maji, hakuwa na mlango huo.

Basi vilabu vya Victoria vikapiga kelele. Vikasema Albury si mahali pa kufundisha watu mpira, ni mahali pa mpira tangu zamani, na GWS inakula chakula cha bure. Walikuwa na haki kwa sehemu. AFL ikaliondoa eneo la mto Murray katika kanda ya GWS. Sawa. Lakini niulize: kelele ile ilikuwa juu ya nani? Nani aliuliza mtoto wa miaka 13 wa Albury, aliyekuwa ameanza mazoezi, atafundishwa na nani kesho? Vilabu viligombana juu ya mali. Mtoto alikuwa mali.

Mlango wa weusi ndio uliofungwa kwa kufuli

Sasa sikilizeni habari ya mlango wa tatu, ule wa wenyeji wa asili na wa watoto wetu. Hapa ndipo ninapokasirika, na sitaficha.

Mwaka 2020, kijana bora wa drafti nzima alikuwa Jamarra Ugle-Hagan, mwana wa wenyeji wa asili kutoka magharibi ya Victoria. Alikuwa katika kanda ya akademi ya Western Bulldogs. Adelaide ilikuwa imemaliza ya mwisho, mara ya kwanza katika historia yake, kwa hiyo ilikuwa na zamu ya kwanza. Ikaita jina lake. Bulldogs, ambao mwaka ule walikuwa wameingia katika mechi za mwisho za kombe, wakasema ni wetu, wakalipa kwa rundo la zamu ndogo. Mwaka uliofuata walicheza finali kubwa.

Wengi walilalamika, na lalamiko lilikuwa na msingi. Kama drafti ni ya kumsaidia wa mwisho, namna gani klabu yenye nguvu inachukua kijana wa kwanza? Mimi pia ningelalamika kama ningekuwa wa Adelaide.

Lakini tazameni dawa waliyoitoa. Mwaka 2021 AFL ilisema: kijana wa akademi hizi akiitwa ndani ya 20 wa kwanza, klabu iliyomlea haiwezi kumdai. Mwaka 2022 wakaongeza: ndani ya 40 wa kwanza. Na mlango wa kaskazini? Ukabaki wazi. Na mlango wa mtoto wa mchezaji? Ukabaki wazi. Gold Coast, mwaka 2023, ilichukua vijana wanne wa akademi yake ndani ya 26 wa kwanza: Jed Walter, Ethan Read, Jake Rogers na Will Graham. Hakuna kufuli.

Yaani katika milango mitatu, walioweka kufuli waliuchagua ule wa wenyeji wa asili na wa wageni.

Mtaniambia haikuwa kwa nia mbaya. Sijasema nia. Nasema matokeo. Mtoto wa mkimbizi hana baba aliyecheza michezo 100 ya AFL. Baba yake alitembea siku nyingi porini, alipanga foleni ya maharage kambini, na akifika Australia alitafuta kazi yoyote ya kulisha watoto. Mlango wa baba haumhusu. Kama serkali haikumweka Sydney au Brisbane, mlango wa kaskazini haumhusu. Alibaki na mlango mmoja, na huo ndio uliofungwa.

Na tazameni ujinga wa sheria ile ya 40. Klabu ikimlea kijana vizuri sana, akawa kati ya 40 bora, inampoteza. Ikimlea nusu-nusu, akawa wa 45, inampata. Basi ukiwa mwenye klabu, utaweka pesa ngapi katika kumlea vizuri? Ni kama kumwambia mkulima: mahindi yako yakikomaa vizuri ni ya jirani, yakidumaa ni yako. Nani atapalilia?

Mfano uko wazi. Mac Andrew, aliyezaliwa Misri katika jamaa ya Sudani Kusini, alifanya mazoezi katika akademi ya Melbourne. Mwaka 2021, mwaka uleule ambao Melbourne ilichukua kombe, aliitwa wa tano na Gold Coast. Melbourne haikuruhusiwa kusema neno. Kwa kijana mwenyewe, ashukuriwe Mungu, alipata kazi. Lakini kila klabu iliona somo: umelea, mwingine amevuna.

Halafu mwaka 2024 wakageuza tena, kufuli likatolewa. Essendon ikampata Isaac Kako, kijana mwenye asili ya Iraki, aliyeitwa wa 13. Vizuri. Lakini hesabuni wenyewe: kati ya 2020 na 2024 sheria ilikuwa ya namna moja, kisha ya pili, kisha ya tatu, kisha ikarudi. Kijana aliyeingia akademi na miaka 13 alifika miaka 18 akiwa amepita chini ya sheria nne. Hata sisi tuliozoea amri zinazobadilika kila msimu tungesema: hapana, hii ni kuchezea watoto wa watu.

Kare ya mgodi

Sisi watu wa Fizi tunajua jambo hili kwa jina lingine. Tunaliita kare ya mgodi. Mtu anakaa mbali, mbele ya karta, anachora mraba juu ya kilima. Hajawahi kupanda kilima hicho. Mama anayelima pale hajaulizwa. Siku moja anaambiwa: ardhi ni yako kwa kulima, lakini kilicho chini ni cha mwenye kibali. Walioishi kando ya machimbo ya Misisi wanaelewa ninachosema bila kuelezwa.

Kanda ya vipaji ni kare ya mgodi juu ya watoto. Klabu inapewa kibali juu ya eneo. Kibali hicho hakimlazimishi kuchimba: anaweza kukaa nacho mfukoni, akangoja dhahabu ijitokeze yenyewe juu ya udongo, kisha akakimbia kusema ni yangu. Kama klabu ya kanda yako ina moyo, una bahati. Kama haina, huna pa kukata rufaa.

Na kumbukeni jamaa ya mkimbizi haichagui mji. Mwaka 2005 serkali ya Australia ilichagua Shepparton, mji wa mashamba katika Victoria, kuwa mahali pa kujaribu kupokea jamaa za Wakongomani nje ya miji mikubwa. Watu walipelekwa pale, wakashukuru, wakaanza maisha. Hakuna aliyeuliza Shepparton iko katika kanda ya klabu gani. Afisa alichagua mji, na kwa kuchagua mji alichagua pia, bila kujua, makocha wa mtoto ambaye hajazaliwa bado.

Wanaopinga wanasema nini

Wako watu wa Victoria wanaosema: futeni kanda zote, kila kijana aingie drafti ya wazi. Wanaonyesha finali ya 2024: Brisbane na Sydney, vilabu viwili vya kaskazini. Brisbane ikashinda, na ikashinda tena 2025, ikiwa na Harris Andrews, nahodha aliyetoka katika akademi yake mwenyewe. Sydney ina Isaac Heeney na Errol Gulden kwa njia hiyohiyo. Wanasema: tumewanenepesha vya kutosha.

Nawaelewa, lakini sikubaliani na dawa yao. Katika New South Wales na Queensland mpira unaotawala ni raga. Mtoto mwenye mbio na nguvu, usipomfuata mapema, raga inamfuata. Akademi zilianzishwa kwa sababu hiyo, na zimefanya kazi. Kuzifuta leo ni kukata mwembe kwa sababu jirani amekula maembe mengi.

Wako wengine wanaosema: mbona wako Waafrika waliofika bila kanda yoyote? Majak Daw, aliyezaliwa Sudani, alicheza mechi yake ya kwanza na North Melbourne mwaka 2013. Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya Kakuma kule Kenya, aliitwa na Sydney katika drafti ya 2013, na mwaka 2021 aliwekwa katika ekipe bora ya mwaka ya Australia nzima. Ni kweli, na tunajivunia. Mtoto wa kambi akifika pale, kambi zote zinasimama. Lakini anayevuka mto wenye mamba akafika salama si ushuhuda kwamba daraja halihitajiki. Waulizeni wale ambao hawakufika.

Na wako wengine, hawa ni wa hapa kwetu, wanaoniambia: ndugu mwandishi, vita iko mlangoni, bei ya unga imepanda, na wewe unatuletea habari za mpira wa yai? Nawajibu kwa heshima. Wale ni watoto wetu. Pesa inayotumwa kwa simu kila mwezi kulisha wahami katika mji huu inatoka kwa wazazi wao. Kinachowapata kule kinafika katika sufuria za hapa. Na zaidi ya pesa kuna heshima. Mwaka 2010 Collingwood ilichukua kombe ikiwa na kijana aliyeitwa wakati ule Harry O'Brien, aliyezaliwa Brazil, na baba yake ana asili ya Kongo na Angola. Baadaye alirudisha jina lake mbele ya watu: Héritier Lumumba. Na akasema wazi juu ya ubaguzi aliouona, mpaka ripoti iliyotoka mwaka 2021 juu ya klabu ile ikakubali kwamba ubaguzi ulikuwa ndani ya mfumo wake. Jina Lumumba katika uwanja wa Melbourne si habari ya mbali. Ni habari yetu.

Ninachodai

Sitaki kulalamika tu, kulalamika ni kazi rahisi. Nadai mambo manne, na naamini mtu yeyote mwenye haki, wa Melbourne au wa Brisbane, anaweza kuyapima.

Kwanza, kulea na kumiliki vitenganishwe. Pesa za kuwafundisha watoto zitoke katika mfuko wa pamoja wa AFL, zigawanywe kwa kuhesabu watoto, si kwa huruma au utajiri wa klabu iliyoshika kanda. Mtoto wa Wodonga apate saa zilezile za mazoezi na basi lilelile kama mtoto wa Queensland. Ni nani atamchukua siku ya drafti, hilo ni neno la pili.

Pili, anayedai kijana alipe bei nzima. Asilimia 20 ilikuwa nyingi, na 10 bado ni zawadi. Mkilipa bei kamili, kelele za Adelaide zitapungua, na hamtakuwa na sababu ya kumfungia mlango mtoto mweusi kila mara klabu moja inapofaidika.

Tatu, kufuli likiwekwa, liwekwe kwa milango yote mitatu au lisiwekwe kabisa. Mtoto wa nahodha wa zamani, mtoto wa Sydney, mtoto wa wenyeji wa asili, mtoto wa mkimbizi: sheria moja. Na mtoto aliyeingia akademi chini ya sheria fulani amalize chini ya sheria ileile. Mkitaka kubadilisha, badilisheni kwa wanaoingia kesho.

Nne, wazazi waelezwe kwa lugha wanayoielewa. Kwa jamaa nyingi za kwetu lugha hiyo ni Kiswahili, au Kibembe, au Kifuliru, au Kinyamulenge. Mzazi aambiwe kabla ya kutia sahihi: mtoto wako akiingia hapa, klabu hii itakuwa na haki gani juu yake, na wewe utakuwa na haki gani. Mama wa Wodonga asijue habari za mwanawe kwa kubahatisha, kisha zivuke bahari mpaka Baraka zikiwa nusu.

Nawageukia pia wazazi wetu walioko kule. Msikae kimya kwa kuogopa kuonekana wasio na shukrani. Kupokelewa ni jambo la kushukuru, lakini mtoto hakutolewa kama malipo ya kupokelewa. Nendeni katika mikutano ya vilabu vya mtaa, ulizeni, andikeni barua, mkiwa wengi. Wenye nguvu wanabadilisha sheria wakisikia kelele. Tumeona Albury, tumeona baada ya 2020. Basi na ninyi muwe na sauti.

Na sisi wa hapa tusijifanye watakatifu. Ni mara ngapi kijana muhami amefika katika kiwanja cha kartie yetu, akaangaliwa toka juu mpaka chini, akaambiwa « wewe si wa hapa, ngoja kwanza »? Hiyo pia ni kanda. Hatuna AFL wala pointi 3000, lakini mstari tumeshauchora, kwa mdomo. Tukitaka watu wa Melbourne waufute wa kwao, tuanze na huu wa kwetu, jumamosi hii, saa ya mazoezi.

Nilirudi kwa yule mama jioni ya jana, nikamwambia jibu lake: waliowagawa wajukuu wako ni watu wenye karta na kalamu, ambao hawawajui kwa majina. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nimtumie binti yake wa Wodonga sauti, nimweleze hayo mambo manne moja moja, polepole, kusudi naye awaulize wale makocha.

Nimeituma usiku huohuo. Ilichukua dakika kumi na moja, na mtandao ulikatika mara mbili.